Mdogo wangu akisimama anaanguka

Hujambo mfamasia,

Naishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tano, pamoja na mdogo wangu wa miaka 26. Mama yetu alishafariki, kwa hiyo mimi ndiye mama yake sasa, ingawa nimempita miaka sita tu. Alikuwa makanga kwenye magari ya huku kwetu mpaka mwaka juzi, alipoanza kusikia watu wakimtukana na hakuna mtu. Alilazwa, wakasema ni skizofrenia. Kwanza walimpa haloperidoli, akawa anakakamaa shingo na mate yanamtoka, ndipo wakambadilishia wakampa kwetiapini. Walianza na kidogo sana, wakaongeza pole pole mpaka akafika miligramu 200 asubuhi na 200 usiku. Nasema ukweli, sauti zilipungua. Alirudi kuwa mtu. Hata alikuwa ananichekesha.

Mwezi uliopita tulikuwa na matanga nyumbani Kakamega. Tulikaa wiki mbili na siku kadhaa. Dawa alizisahau Nairobi, au aliziacha makusudi, sijui, maana kule aliniambia ameona afadhali apumzike na hayo mambo ya tembe. Tuliporudi alikuwa ameanza tena kuongea peke yake, nikamsimamia hadi akameza ile 200 ya usiku kama kawaida yake. Usiku huohuo aliamka kwenda choo. Choo chetu kiko mwisho wa korido. Nikasikia kishindo. Nilimkuta chini karibu na pipa la maji, kidevu kimepasuka, jasho linamtiririka, uso kama majivu. Kabla sijaita mtu akafungua macho akaniuliza ni nani amemsukuma.

Leo ni siku ya nane. Dawa anameza, lakini kila akiinuka lazima ashike ukuta. Anasema macho yanaingia giza na moyo unamwenda mbio. Pua inaziba usiku kucha, anapumua kwa mdomo kama mtu wa mafua na mafua hana. Jirani mmoja, mama mwema, alisema hiyo ni presha, akampa tembe tatu za mumewe. Alimeza moja, akalala mchana kutwa, na alipoamka akaanguka tena. Mbili zimebaki kwenye karatasi juu ya kabati. Mchungaji wetu anasema ni pepo la kuangusha na kwamba dawa za hospitali ndizo zilizolifungulia mlango. Mjomba anasema ni kifafa. Mwenyewe anasema dawa inamuua kidogo kidogo, na mchana anatafuna muguka asisinzie.

Tajiri wa gari amemwambia anaweza kurudi kazini mwisho wa mwezi. Tarehe ya kliniki ni wiki tatu kutoka leo. Nimsikilize nani? Na hizi dawa ni za kichwa au ni za presha?

Dada wa makanga, Pipeline

*

Dada wa makanga, pole sana, na pole kwa msiba.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Kilichonipa jibu hakikuwa kidevu kilichopasuka, ilikuwa ile pua uliyoitaja kama jambo dogo. Mtu anayeona giza akisimama, moyo ukimwenda mbio, na pua ikaziba bila mafua, yote matatu yakaja pamoja siku aliyorudia dawa hii, huyo mimi simtafutii pepo. Swali lako la mwisho ndilo lenye akili kuliko yote: dawa za kichwa au za presha? Zimetengenezwa kwa ajili ya kichwa, lakini presha nayo zinaigusa, na kwetiapini huigusa kuliko wenzake wengi.

Nitakueleza kwa lugha ambayo mdogo wako ataielewa kutuzidi sote wawili. Kwenye matatu, makanga anapotaka gari liondoke haendi mbele kunong'ona na dereva. Anagonga bodi. Dereva akisikia, gari linaondoka. Mwili nao una makanga wake, anaitwa noradrenalini. Ukiinuka kitandani, damu inateremka kwa uzito wake tu na kujikusanya tumboni na miguuni, kiasi cha nusu lita hadi lita nzima. Ingeachwa hivyo, sote tungekuwa tunazimia kila asubuhi. Lakini papo hapo neva zinamwaga noradrenalini kwenye kuta za mishipa ya damu, na hapo inagonga kwenye vipokezi, yaani masikio ya kupokelea ujumbe, vinavyoitwa alfa-1. Misuli ya mishipa ikisikia, inajibana, na damu inasukumwa kurudi juu kichwani. Shughuli hiyo yote ni ya sekunde chache, wala hujui kwamba imefanyika.

Kwetiapini lengo lake ni vipokezi vya dopamini na serotonini, kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo, maana huko ndiko sauti zinakozimwa. Tatizo ni kwamba haichagui kiti. Inapita ikikaa pia kwenye alfa-1, na ikishakaa haigongi, imeziba tu. Makanga anagonga bodi mpaka mkono unauma, na dereva ameweka pamba masikioni. Mdogo wako anasimama, damu inabaki miguuni, ubongo unakosa, macho yanaingia giza, anaanguka. Akishalala chini damu inarudi kichwani yenyewe, ndiyo maana alifungua macho kabla hujaita mtu.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi wakipewa tembe hizi. Kwetiapini hushika alfa-1 kwa nguvu kuliko inavyokishika kile kipokezi cha dopamini inachotumwa kukishika. Klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ni hivyohivyo. Maana yake ni kwamba kiasi kidogo, ambacho hakijazigusa hata zile sauti, tayari kimeshaigusa presha. Ndiyo sababu mdogo wako alianza na kidogo. Kwa ugonjwa huu watu huanzia miligramu 25 mara mbili kwa siku, kisha wanapanda ngazi moja moja. Wagonjwa na jamaa zao hukasirika, wanaona daktari anawachezea, sauti zinatukana na yeye anatoa vipande vya dawa. Anachofanya ni kuipa mishipa muda wa kuzoea. Ikipewa siku chache au wiki chache, mingi huzoea.

Sasa rudi Kakamega. Wiki mbili na siku kadhaa bila dawa, na mazoea yote yakaisha. Mishipa ikawa kama ya mtu ambaye hajawahi kuionja kwetiapini. Mliporudi, aliruka ngazi zote akatua juu kabisa. Kwa dawa hii, mtu akikaa zaidi ya wiki moja bila kumeza, anatakiwa aanze tena chini na kupanda upya. Klozapini ni kali zaidi kwa hilo: saa 48 tu zikipita, unarudi kwenye miligramu 12.5 kama mgeni. Kwa hiyo hukukosea kumsimamia ameze. Ulikosa kuambiwa. Maneno hayo yangepaswa kuandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya kila mgonjwa anayepewa dawa hizi, kwa sababu hakuna familia hapa Nairobi ambayo haijawahi kupigiwa simu ya ghafla kwenda ushago.

Kuhusu moyo kwenda mbio. Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Raymond Ahlquist, alionyesha kwamba vipokezi vya adrenalini na jamaa zake si vya aina moja. Akavipa majina alfa na beta, na ndivyo tunavyoviita hadi leo. Mishipa mingi ya damu inasikiliza kwa alfa, moyo unasikiliza kwa beta. Kwetiapini inaziba alfa na kuiacha beta ilivyo. Presha ikishuka, mishipa mikubwa ya shingoni inapeleka habari, neva zinazidi kumwaga noradrenalini, na kwa kuwa mishipa haisikii, anayesikia peke yake ni moyo. Unapiga mbio kufidia. Mwambie kwamba moyo wake ni dereva anayesikia vizuri, tena kupita kiasi.

Na pua? Ndani ya pua kuna mishipa mingi midogo inayojibana kwa alfa-1 hiyohiyo. Ikikosa kujibana inajaa damu, na pua inaziba. Usimnunulie dawa za mafua, nyingine zina vitu vinavyouongezea moyo mbio.

Vipokezi vya alfa-2 nitavitaja kwa ufupi. Hivi vingi vimekaa kwenye neva yenyewe, na kazi yake ni kumwambia makanga kwamba amegonga vya kutosha, anyamaze. Klozapini, na dawa nyingine ya kundi hili iitwayo risperidoni, huviziba navyo, na makanga anagonga bila kukoma. Kwa kijana wako hilo si la kumnyima usingizi.

Nije kwa jirani. Presha ya mdogo wako haikupanda, ilishuka. Kiswahili chetu cha mtaani kimeharibu neno hili. Presha imekuwa jina la ugonjwa mmoja wa kupanda tu, na yeyote anayeanguka "ana presha". Sijui mume wa mama huyo anameza dawa gani. Lakini zipo dawa za presha kama prazosini na doksazosini ambazo kazi yake ni kuziba alfa-1, kilekile ambacho kwetiapini imeshakiziba. Na hata ikiwa ni amlodipini, inayopita njia nyingine, inashusha vilevile. Kijana ameanguka kwa sababu presha imeshuka, akapewa kitu cha kuishusha zaidi. Nashukuru alilala siku nzima. Angeteremka zile ngazi za ghorofa tano, pengine barua hii ungeiandika kwa namna nyingine. Na ukiwa na mzee nyumbani anayemeza tamsulosini kwa ajili ya tezi dume, mwulize kuhusu kizunguzungu cha kuamka usiku. Ni ndugu wa hiki, maana dawa yake nayo inaziba alfa-1.

Mjomba nimemwelewa, kuanguka ghafla kunatisha na kifafa ndicho watu wanachokijua. Angalia hivi. Wa kifafa anaweza kuanguka hata ameketi au amelala, anakakamaa, mikono na miguu inatupika, pengine anauma ulimi, na akizinduka anakuwa amechanganyikiwa kwa muda. Wako alianguka baada ya kusimama, kwa jasho na uso wa majivu, akazinduka mara moja na akili zake, hata akauliza nani amemsukuma. Huko ni kuzimia. Lakini siku utakayomwona ameanguka akiwa ameketi, au moyo umeanza kuruka ruka wakati hajasimama, usingoje kliniki. Siku hiyohiyo mpeleke hospitali, wampime moyo kwa ile mashine ya kuchora mapigo, kwa sababu dawa hizi zina njia nyingine za kuusumbua moyo na hazifanani na hii.

Mchungaji sitabishana naye kwa barua. Mwombe amwombee kijana akiwa ameketi, asimsimamishe mbele ya watu kwa saa nzima. Na asimwambie aache dawa.

Muguka ndio unaonitia wasiwasi kuliko pepo. Ninaelewa kwa nini anautafuna: dawa inamlaza, majani yanamwamsha. Ila yale majani yana kathinoni, ambayo hufanya neva zimwage dopamini na noradrenalini kwa wingi. Dopamini ndiyo ile ambayo kwetiapini inahangaika kuituliza ili sauti zinyamaze. Mmoja anakumba maji yatoke mtumbwini, mwingine anayarudisha kwa ndoo. Na noradrenalini inayomwagika inakuta alfa zimezibwa, inakwenda yote kwenye beta, moyo unazidi mbio. Sisemi umnyang'anye kichane mkononi, mtagombana bure na ataanza kujificha. Mwambie kwamba usingizi wa mchana unatibika kwa kupanga upya saa za dawa. Kliniki inaweza kuhamishia sehemu kubwa usiku, na akaona mchana umefunguka bila majani.

Kuna jambo jingine ambalo dada hataambiwa na kaka yake, kwa hiyo nalisema mimi. Uliandika kwamba hujui kama dawa alizisahau au aliziacha makusudi. Vijana wengi wa umri wake huacha dawa hizi bila kusema sababu, na sababu iko chini ya mshipi. Ule mlango mdogo kwenye shingo ya kibofu hufungwa kwa alfa-1 wakati mwanamume anapofika kileleni. Ukizibwa, mbegu zinarudi nyuma kwenye kibofu, na yeye anaona hakuna kitu. Anadhani amekuwa hanithi, au amerogwa. Si lolote kati ya hayo, na dawa ikibadilishwa au ikipunguzwa hali hurudi. Hutokea kwa baadhi yao tu, risperidoni ikitajwa zaidi. La pili ni nadra, lakini ni la dharura. Uume husimama bila hamu, unauma, na haulali. Misuli inayoulaza nayo inategemea alfa-1. Ukikaa hivyo zaidi ya muda wa saa nne, ni kwenda kwa daktari mara moja hata kama ni saa nane usiku, kwa sababu ukichelewa unaharibika moja kwa moja. Kutoka Pipeline, hospitali ya Mama Lucy iko karibu kuliko Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili, na kitengo cha dharura ndicho mahali pake, si kliniki ya akili. Asione haya. Kama huwezi kumwambia hili, mpe barua hii aisome mwenyewe, uende ukafue nguo.

Sasa mambo ya kufanya. La kwanza ni kwenda kliniki kesho, usingoje wiki tatu. Sema maneno haya kama yalivyo: alikaa zaidi ya wiki mbili bila dawa, akarudi kwenye 400 kwa siku moja, anaanguka akisimama, na alipewa tembe ya presha ya mtu mwingine. Mtu yeyote wa kliniki akisikia hayo anajua pa kuanzia. Huenda wakamshusha na kumpandisha upya, huenda wakagawanya saa upya. Mpaka uongee nao, usimwachishe kabisa wala usikate tembe kwa hesabu zako. Sauti zilikuwa zimeanza kurudi, na ugonjwa ukirudi kwa nguvu, mtu huchukua miezi kuinuka tena.

Kabla ya kwenda, apimwe presha kwa namna ambayo watu wengi hawaifanyi. Kwenye chemisti watamkalisha, watampima, watamwambia yuko sawa, naye atakuwa sawa kweli, kwa sababu ameketi. Alale dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika moja, na tena ikifika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umeshapata ushahidi wako. Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka ploti zenu anaweza kuwa na mashine hiyo mkobani, mwombe aje nyumbani apime hivyo. Andika namba zote kwenye karatasi uende nazo.

Dawa ya usiku ndiyo yenye mtego. Tembe ya kawaida ya kwetiapini hufika kilele kwenye damu baada ya saa moja na nusu hivi. Mtu anayemeza, kisha anatazama mpira, kisha anakwenda choo, anakwenda choo saa mbaya kuliko zote. Aende choo kwanza, ameze, alale. Akibanwa usiku, awe na ndoo chumbani, na akojoe ameketi. Najua kijana wa miaka 26 atakucheka. Mwonyeshe kidevu chake kwenye kioo. Mwanamume anayekojoa wima usiku, damu iko miguuni na kibofu kinafunguka, presha inaporomoka zaidi, na hapo ndipo wengi huanguka hata bila dawa yoyote.

Kuamka kwake kusiwe kwa kuruka. Ajinyooshe, aketi ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, akunje na kukunjua nyayo mara kadhaa mpaka misuli ya mashavu ya miguu ikaze, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Giza likianza, asijifanye shujaa, akae chini hapohapo, hata kama ni kwenye ngazi.

Maji nayo. Pipeline maji mnanunua kwa mtungi, na nina hakika kuna siku mnayapima kwa kikombe. Mtu mwenye damu iliyopungua maji huzimia haraka zaidi, na akiharisha au akishinda juani ndiyo kabisa. Glasi mbili za maji kabla ya kutoka kitandani asubuhi hupandisha presha kwa muda, na hiyo ni dawa ya bei rahisi kuliko zote. Chumvi usimwongezee kiholela. Pombe aiache, hiyo inafungua mishipa na kuongeza usingizi. Akila sahani kubwa ya ugali, apumzike kabla ya kuinuka, kwa sababu damu inakuwa imekimbilia tumboni.

Kuna karatasi moja zaidi nataka umwekee mfukoni, na hii watu huisahau. Andika jina la dawa na kiasi chake. Siku akizimia barabarani akapelekwa dharura, wanaomhudumia lazima wajue. Mwaka 1906, Mwingereza Henry Dale aligundua kitu cha ajabu. Alimpa mnyama dawa iliyotokana na ukungu wa nafaka, ambayo tunajua sasa kwamba inaziba alfa, kisha akamchoma adrenalini. Presha, badala ya kupanda, ikashuka. Adrenalini hugonga alfa na beta pia. Alfa zikiwa zimezibwa, kinachosikika ni beta tu, na ile beta iliyo kwenye mishipa ya misuli huifungua mishipa. Kwa hiyo mgonjwa aliyeporomoka kwa sababu ya dawa hizi akichomwa adrenalini ya kupandisha presha, anaweza kuporomoka zaidi. Madaktari wana dawa nyingine za kupandisha presha kwa mtu kama huyo, na wanajua pia wakati ambao adrenalini bado ni ya lazima. Hilo si lako kuamua. Lako ni kile kikaratasi.

Huenda unajiuliza pia kama ingekuwa afadhali apewe dawa nyingine. Inawezekana. Zote za kundi hili zina onyo la presha, lakini hazishiki alfa-1 kwa nguvu sawa. Klozapini na kwetiapini ziko mbele, risperidoni haiko mbali nazo, olanzapini ni nafuu kidogo, aripiprazoli huigusa kidogo kuliko zote hizo. Lakini mimi nisingekimbilia kubadilisha. Ulisema alirudi kuwa mtu, hata akawa anakuchekesha. Dawa iliyofanya hivyo kwa kijana ambaye haloperidoli ilimkakamaza haitupwi kwa sababu ya kosa la kalenda. Kabla ya Kakamega alikuwa anameza 400 hiyohiyo na hujaniambia kwamba alianguka hata mara moja. Apandishwe tena pole pole, na bado akiendelea kuzimia baada ya hapo, ndipo mzungumze na daktari juu ya nyingine.

Kazi ya makanga. Hapa nitakuwa mkali. Asirudi mlangoni mwisho wa mwezi kama presha yake bado inashuka akisimama. Makanga huinuka, huketi, huruka chini gari likitembea, huning'inia mlangoni juani mchana kutwa bila maji. Ukitaka kubuni kazi ya kumwangusha mtu mwenye alfa zilizozibwa, ungebuni hiyo. Kama tajiri ni mtu wa kuelewa, mwombe ampe ya kuhesabu magari stejini au ya kukaa ofisi ya sacco kwa muda, na muda wenyewe mwamue kwa zile namba za kulala na kusimama, si kwa jinsi anavyojisikia asubuhi moja.

Na zile tembe mbili zilizobaki kwenye karatasi juu ya kabati, mrudishie jirani leo jioni. Mshukuru, alitaka kusaidia, na mumewe huenda anazihitaji.